Wenye Kampuni Wanauziana Vioo, Sisi Tunatoleana Povu

Huawei walifungua mwaka 2019 kwa salamu za heri kwenye akaunti yao rasmi ya Twitter. Enzi hizo Twitter ilikuwa inaonyesha, kwa herufi ndogo chini ya ujumbe, kifaa kilichotumika kuutuma. Salamu za Huawei zilikuwa zimetumwa kwa iPhone. Zikafutwa chapuchapu, lakini wapi! Picha za skrini zilishaanza kuzunguka. Kwa mujibu wa waraka wa ndani ulioripotiwa na vyombo vya habari, mkandarasi aliyepewa kazi hiyo alikwama na VPN, programu ya kuvuka vizuizi vya mtandao, akaona isiwe tabu, akatumia iPhone yenye laini ya Hong Kong. Wafanyakazi wawili wa Huawei wakashushwa cheo na kukatwa yuan 5,000 kwenye mshahara wa mwezi.

Hawakuwa wa kwanza kuumbuliwa na zile herufi ndogo. Mwaka 2013 mwanamuziki Alicia Keys, akiwa na wiki chache tu tangu atangazwe kuwa mkurugenzi wa ubunifu wa BlackBerry, akaunti yake ilituma ujumbe kutoka kwenye iPhone, alisema imedukuliwa. Mwaka uliofuata, kwenye tuzo za Oscar, mshereheshaji Ellen DeGeneres alipiga ile selfie maarufu iliyojaa mastaa kwa Samsung Galaxy Note 3, mdhamini akifurahi, halafu nyuma ya jukwaa akaendelea kutuma picha kwa iPhone yake.

Visa hivi ninavikumbuka kwa sababu shemeji yangu hataki nivisahau. Yeye ni mtu wa iPhone kindakindaki. Binamu yangu ni Samsung damu. Wakikutana kwenye kundi la familia usiku ambao kuna toleo jipya linazinduliwa, wazee huzima sauti za arifa na kwenda kulala. Ya kwangu simu sitaitaja. Nikitaja tu, nusu yenu mtaacha kusoma na nusu nyingine mtaanza kunitetea.

Ubishi wenyewe naupenda, tusidanganyane. Utani wa shemeji unataka uwanja, na simu ni uwanja mzuri kuliko siasa. Kinachonikera ni pale utani unapogeuka kazi: mtu mzima anatumia jioni yake kuitetea kampuni ambayo ina wanasheria, ina idara nzima ya matangazo, na haijui kama yeye yupo duniani.

Tuanze na hao wanaodhaniwa kuwa maadui wakubwa. Aprili 2011 Apple iliishtaki Samsung kwa madai ya kuiga iPhone. Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama huko San Jose, California, likaamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1. Kesi ikakatiwa rufaa, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikarudi chini, na Mei 2018 kiasi kikawa dola milioni 539. Mwezi uliofuata wakamalizana nje ya mahakama. Miaka saba ya kesi, na mashabiki wa pande zote mbili walisoma nyaraka zake kuliko walivyowahi kusoma mikataba yao ya ajira.

Sasa angalia kilichokuwa kinaendelea viwandani muda huohuo. Chipu ya A4 iliyokuwa ndani ya iPhone 4 ilitengenezwa na Samsung. Vivyo hivyo A5, A6 na A7. Yaani wakati mwanasheria wa Apple anasimama mahakamani kusema hawa ni waigaji, upande wa pili hao waigaji wanamchapia chipu za simu yake na kumtumia ankara. Na kesi ilipokuwa bado haijaisha, mwaka 2017, Apple ilipotaka kioo cha OLED, kile chenye weusi halisi, kwa ajili ya iPhone X, ilikwenda kukinunua kwa Samsung Display, watengeneza vioo wa Samsung.

Hapo ndipo shemeji aliponipa burudani ambayo sitakuja kuisahau. Alikuja na hiyo iPhone X ikiwa mpya, ganda la plastiki la mbele ndiyo kwanza amelibandua. Akaifuta kwa pindo la shati, mara mbili, akapandisha mwanga hadi mwisho, akafungua picha nyeusi tupu ili nione jinsi weusi wa kioo unavyoungana na ukingo wa simu. "Shemeji, njoo uone kioo. Hiki Samsung hawawezi hata wakesha." Nikamwambia kimetoka kiwandani kwa Samsung. Hakutikisika hata ukope. "Wamekitengeneza wao, lakini Apple ndio waliowaelekeza kiwe hivi."

Na kusema kweli hajakosea kabisa. Apple hutoa vipimo vyake na hurekebisha rangi kwa namna yake. Ila ona kasi ya lile jibu. Alikuwa hajui kioo kimetoka wapi, na ndani ya sekunde moja alishapata njia ya kuufanya ukweli mpya uwe wa upande wake.

Ukiendelea kuichokonoa simu yoyote utakuta mambo ni hayohayo. Kamera za iPhone zinatumia sensa za Sony, jambo ambalo Tim Cook mwenyewe, bosi wa Apple wakati huo, alilitangaza hadharani alipotembelea kiwanda chao Kumamoto, Japani, Desemba 2022. Google, mwenye Android, aliilipa Apple takriban dola bilioni 20 mwaka 2022 pekee ili injini yake ya utafutaji iwe ya kwanza ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone. Hilo lilijulikana kupitia kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Bilioni 20! Shabiki wa iPhone anayeiponda Google, kila anapotafuta kitu ndani ya Safari, anashiriki kwa kiasi chake kulijaza kapu la Google.

Huku kwenye Android kwenyewe ndiko kunakochekesha zaidi. Nimeshuhudia mtu wa Tecno na mtu wa Infinix wakivuana nguo mtandaoni hadi usiku wa manane, huyu akisema yule kabebeshwa takataka. Zote mbili ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen, ambayo pia ndiyo yenye itel. Oppo, Vivo, OnePlus na Realme zote zina mizizi katika BBK, kundi la biashara lililoanzishwa na Duan Yongping. Redmi na Poco ni Xiaomi. Mashabiki wanagombea mifuko miwili ya suruali moja.

Kwa nini basi tunachukulia hivi? Mwaka 1956 mwanasaikolojia Jack Brehm aliwaomba wanawake wavipe alama vifaa vya nyumbani: redio, kitengeneza kahawa, tosta na vinginevyo. Kisha akawaambia kila mmoja achague kimoja kati ya viwili, aondoke nacho. Walipoombwa kutoa alama tena, kile walichokichagua kikawa kimepanda na kile walichokiacha kikawa kimeshuka. Kifaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni changu, na mimi si mjinga, kwa hiyo lazima kiwe kizuri. Kadiri vifaa vilivyokaribiana kwa ubora, ndivyo mtu alivyojitahidi zaidi kuvitenganisha baada ya kuchagua. Simu za leo za daraja moja zimekaribiana mno, na nadhani hiyo ndiyo sababu povu limezidi. Zamani Nokia ya vibonye na iPhone ya kwanza zilikuwa vitu viwili tofauti kabisa, hukuhitaji kupiga kelele ili tofauti ionekane.

Halafu kuna jambo la mwanasaikolojia mwingine, Henri Tajfel, lenye uchungu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili, akiwaambia hawa wamependa zaidi michoro ya mchoraji Klee na hawa ya mwenzake Kandinsky. Mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha tu. Wavulana walipopewa nafasi ya kugawa fedha kidogo, walipendelea watu wa kundi lao, na wengi walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu ili mradi tu limzidi lile jingine. Lisome tena hilo, kisha mkumbuke yule shabiki anayefurahi kusikia simu ya upande wa pili imepandishwa bei, wakati anajua fika kwamba mwaka ujao na ya kwake itafuata.

Ila simu ina ziada ambayo tosta haina: inatembea na mtu. Kuna kava zinazotobolewa tundu la duara nyuma, kazi ya tundu ni moja, nembo ionekane. Kuna namna ya kupiga picha mbele ya kioo cha ukutani ambapo vidole hupangwa kwa uangalifu visizibe kamera tatu. Uso wakati mwingine umekatika nusu, kamera zote zipo. Ukimponda mtu simu yake umemponda yeye, na ndiyo maana hajibu kwa vipimo vya betri. Anajibu kama aliyetukaniwa mama.

Kampuni zinalijua hilo na zinalitumia. Mwaka 2011 Samsung ilianza matangazo ya kuwacheka waliopanga foleni kusubiri iPhone. Haikuicheka simu, iliwacheka watu. Septemba 2016 Apple ikaondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 na Phil Schiller, mkuu wao wa masoko, akasema jukwaani kwamba ni ujasiri. Samsung ikapata mtaji wa vijembe. Tangazo lao la Novemba 2017 lilimwonyesha jamaa wa iPhone akihangaika na kile kiwaya cha kuunganishia. Agosti 2019 ikatoka Galaxy Note 10. Tundu hakuna. Tangazo nalo likaondolewa kimyakimya kwenye chaneli yao ya YouTube. Oktoba 2020 Apple ikaacha kuweka kichwa cha chaji ndani ya boksi la iPhone 12, Samsung ikaweka picha ya chaji Facebook kujitapa kwamba kwao ipo. Januari 2021, Galaxy S21: boksi jembamba, chaji hamna, na ile picha ilikuwa imeshafutwa. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikwenda mbali zaidi, alifuta na kioo.

Samsung sishangai. Biashara ni biashara. Nilimshangaa binamu yangu. Oktoba alikuwa ametucheka wiki nzima, ametengeneza hadi stika. Januari akaja kwenye kundi na hoja ya mazingira, taka za kielektroniki, kwamba kila mtu ana chaji nyumbani, maneno yaleyale ya Apple, karibu nukta kwa nukta. Hakuna aliyemtuma. Hakuna anayemlipa. Alikuwa amenunua simu iliyopunguzwa kitu, na badala ya kuidai kampuni, akatufanyia sisi kazi ya msemaji wake.

Ndugu zangu wa pande zote, hapa ndipo ninapowalaumu. Mteja ana silaha mbili: kulalamika na kuhama. Shabiki kazisalimisha zote kwa hiari.

Chukua iPhone 4, mwaka 2010. Ukiishika kwa namna fulani kwenye ukingo wa chini kushoto, mtandao unashuka. Steve Jobs, bosi wa Apple enzi hizo, alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe kwamba aepuke tu kuishika hivyo. Mashabiki wakaligeuza kuwa somo, wakawa wanafundisha wenzao namna ya kushika simu! Waliosaidia ni wale waliokataa somo. Walilalamika hadi Julai mwaka huohuo Apple ikaitisha mkutano na waandishi na kutoa kava za bure. Au Galaxy Note 7 ya 2016, betri zilizokuwa zikiwaka moto. Samsung iliirudisha, ikabadilisha betri, zikaendelea kuwaka, ikaacha kuitengeneza Oktoba. Marekani wakaipiga marufuku kwenye ndege. Pamoja na yote hayo, Desemba bado walikuwepo walioing'ang'ania, ikabidi itumwe programu ya kuizuia isiingize chaji kabisa.

Kisha lile la betri za iPhone. Watu walisema kwa muda mrefu kwamba simu zao zinakuwa nzito zikizeeka, wakajibiwa na mashabiki wenzao kwamba wamejaza picha, wafute vitu. Desemba 2017, baada ya vipimo kuanikwa hadharani, Apple ikakiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri chakavu ili zisizime ghafla. Sababu yenyewe ilikuwa na mantiki, kutokusema ndiko kulikokuwa kosa. Bei ya kubadilisha betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na Ufaransa ikaja kuitoza faini ya euro milioni 25. Hakuna hata euro moja ya faini hiyo iliyotokana na mtu aliyesema "futa picha."

Na USB-C? Kwa miaka mingi niliambiwa na shemeji kwamba Lightning, tundu la chaji la Apple wenyewe, ni imara, inaingia vizuri, hainasi uchafu. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya chaji ya aina moja mwaka 2022, Septemba 2023 iPhone 15 ikaja na USB-C, na jioni ile shemeji akatuandikia kwamba hatimaye waya mmoja unachaji kila kitu, maendeleo yaliyoje. Nilicheka peke yangu.

Sisemi ushindani hauna faida. Una faida kubwa, na ushahidi upo. Julai 2010 Jobs alidai hakuna atakayenunua simu kubwa zisizoenea kiganjani. Samsung ikaleta Note yenye kioo cha inchi 5.3 mwaka 2011, ikachekwa, watu wakainunua, na 2014 Apple ikatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Oktoba 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka saba kwa Pixel 8. Januari iliyofuata Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24. Hizo ni raha tulizopata kwa sababu kampuni iliogopa mtu atahama. Asiyehama hata afanyweje haogopwi.

Tuwe wakweli pia kwamba wengi tunaowaita waaminifu wamekwama tu. Apple Watch haiungani na simu za Android. Saa za Samsung, kuanzia Galaxy Watch4 ya 2021, haziungani na iPhone. Mazungumzo ya WhatsApp yalikuwa hayahami kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa njia rasmi hadi 2021, na safari ya kutoka Android kwenda iPhone ilisubiri hadi 2022. Dada yangu alitembea na simu mbili kwa muda mrefu, moja ya kutumia na moja ya kwenda kutafuta ujumbe wa zamani: namba ya fundi, picha ya hati fulani, sauti alizotumiwa na watoto. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka kona na haikai na chaji, imelazwa juu ya friji ikiwa na waya wake muda wote. Ungemkuta siku hizo ukaandika kwamba ni mteja mwaminifu wa chapa ile, angekupiga na huo waya.

Kukwama huku hakukuja kwa bahati mbaya. Kwenye kesi ya Epic Games, watengeneza michezo ya video, dhidi ya Apple zilitolewa barua pepe za ndani, na katika mojawapo ya mwaka 2013 Craig Federighi, bosi wa programu wa Apple, alisema kuileta iMessage, huduma yao ya ujumbe, kwenye Android kungeondoa kikwazo kwa familia zenye iPhone kuwapa watoto wao simu za Android. Ndiyo asili ya ule ugomvi wa viputo vya ujumbe, bluu kwa mwenye iPhone na kijani kwa mwenye Android, ambao kwa sisi tunaoishi ndani ya WhatsApp unaonekana kichekesho lakini kwa vijana wa Marekani umekuwa kitu cha kutengana. Mwaka 2022 mtu mmoja alimwambia Tim Cook kwenye mkutano kwamba video anazomtumia mama yake hazifiki vizuri. Akajibiwa amnunulie mama iPhone. Miaka miwili baadaye, kwenye iOS 18, Apple ikaweka RCS, mfumo wa ujumbe ambao Android walikuwa nao tayari, na video zikaanza kufika. Viputo vya kijani bado vipo.

Juzi kwenye kundi niliamua kuwafanyia mtihani, wa aina ile ambayo mchambuzi wa simu Marques Brownlee huufanya kwenye YouTube: picha bila majina, watu wapige kura. Kwenye mitihani yake simu za bei mbaya zimeshatolewa raundi za mwanzo na simu ambazo wenyewe wasingezishika hadharani, kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba jicho hukimbilia picha yenye mwanga zaidi. Nikachukua simu ya shemeji na ya binamu, nikapiga mti uleule, mtoto yuleyule, meza ileile yenye maua. Nikazituma kama faili ili WhatsApp isizichujue, na kabla ya hapo nikabadilisha majina na aina ya faili, maana picha ya iPhone ikija na HEIC mkiani mtihani umeshavuja.

Walichukua muda. Shemeji alikuza picha ya mtoto hadi kope, akaandika aya nzima kuhusu rangi ya ngozi, kwamba hii ya kwanza ni ya asili, hii ya pili imepakwa poda. Binamu akachagua hiyohiyo ya kwanza, kwa sababu "inaonekana tu ni Samsung." Ilikuwa ya Samsung kweli. Kundi lililipuka, hata wazee waliokuwa wamezima arifa wakatuma vikatuni vya kucheka.

Shemeji anasema jua lilikuwa upande mbaya na mimi mkono wangu ulitetemeka. Anataka marudiano usiku, na mpiga picha awe mtu asiye na upande wowote. Tumetafuta ukoo mzima, bado hatujampata.